Nani Atamwambia Baba Mkwe?

Mpendwa Shangazi Elina,

Nisaidie, maana kusema nimeshindwa na kunyamaza kunanikondesha. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Lufingo, Rungwe, nimeolewa miaka miwili, na mwezi uliopita nilipata barua kwamba nimechaguliwa chuo kikuu Dar es Salaam kusoma fizikia ya nishati na mazingira, kitu nilichokitamani tangu kidato cha pili, na barua hiyo nimeificha kwenye debe la unga, kila nikichota unga naisoma tena. Mume wangu, nimwite Ambwene, nilipomwonyesha alisema, "Mimi sina neno, kamuulize baba," akijua fika kwamba kwetu Wanyakyusa mkwe hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi, nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Nikamwomba aniulizie yeye, akasema ataangalia, anaangalia wiki ya tatu sasa, na chuo kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi, nina hamu mpaka naumwa. Nguzo za umeme zinapita Kiwira barabarani, sisi huku ni kibatari, na chini ya nyumba yetu kuna kijito kisichokauka, nimekipima kwa ndoo na saa ya Ambwene, nadhani kingewasha taa za nyumba kadhaa, ila hesabu zangu zinaishia pale kidato cha sita kilipoishia. Wenzangu wananiambia siku hizi ni za biashara huria, nifungue duka la mitumba, kusoma kwa nini. Mimi naota niko darasani nimenyoosha mkono. Baba mkwe si mtu mbaya, hununua gazeti hili kila Jumapili akitoka kanisani na huanzia ukurasa wako. Nifanyeje?

Mkwe wa Lufingo

JIBU

Pole, binti yangu, lakini nianze kwa kukugombeza. Barua ya chuo haikai kwenye unga, panya wataisoma kabla ya mzee. Na huyo Ambwene asiye na neno, analo. Hana ujasiri wa kukukataza, ndiyo maana amekutuma mahali anapojua huwezi kufika. Mila ni ya kumheshimu mzee, si ya mume kujifichia. Mwambie hivyo hivyo leo, akishakula.

Kesho nenda posta Tukuyu utume fomu ya kukubali nafasi. Kukubali si kutoroka. Nafasi ikipotea, ruhusa itakuja kufanya nini?

Halafu, mimi si mtoto. Unadhani sikuona kwa nini umenitajia kwamba baba mkwe anasoma hapa? Haya, nakubebea ujumbe.

Shikamoo, mzee wa Lufingo. Mkweo anakuheshimu hadi kivuli chako, kwa hiyo nasema mimi. Amechaguliwa chuo kikuu, anaomba baraka yako, na siku zimebaki chache. Mila inamzuia yeye kusema nawe. Haikuzuii wewe kumwambia mama Ambwene, "Mwambie aende." Sema kwa sauti, mzee. Mkweo yuko jikoni, anasikiliza.