Dizeli Yangu na Safari za Jumapili

Shangazi Edna mpendwa, nakuomba unisaidie, na ukitaka kucheka cheka tu, maana shemeji yangu amekwisha kucheka hadi akashika mbavu, nami mwenyewe tangu Jumapili iliyopita nina nafuu ambayo sikuipata mwaka mzima, ila nafuu yenyewe ni nusu, na nusu iliyobaki natakiwa kuiamua kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mkazi wa hapa Preston, nauza vifaa vya madaktari wa meno, na kampuni hunipa gari jipya kila baada ya miaka mitatu. Hili la sasa ni dizeli ya Kijerumani, fupi, nyeusi, inayovuta kwelikweli, niliyoichagua enzi nilipokuwa natembea miji ya mbali ya kaskazini, Carlisle hadi Glasgow, na tangi moja lilikuwa likinipeleka huko na kunirudisha mshale ukiwa bado na heshima zake. Basi mwaka jana mwezi wa Aprili eneo langu la kaskazini akapewa kijana mwingine, mimi nikaachiwa Preston na vitongoji vyake, mshahara haukuguswa, lakini niliona haya, Shangazi, niliona haya sana, kwa hiyo sikumwambia mke wangu Glenda, nikaendelea kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka kama mtu wa Carlisle, nikawa nakaa kwenye maegesho ya supamaketi nikinywa chai ya chupa mpaka madaktari wafungue, na nikirudi mapema jioni namwambia siku hizi wateja wengi wanaagiza kwa simu.

Gari ndilo lililoanza kunisuta. Hizi dizeli zina chujio la kunasa masizi, na masizi hayo hayaungui mpaka gari liende mbali kwa kasi na injini ipate moto sawasawa, nami nilikuwa naenda maili mbili nazima, maili tatu nazima, taa ya njano ikawaka, nikampelekea fundi, naye akaniambia, "Mzee, gari lako linakufa kwa kukaa mjini. Lipeleke M6 ukalikohoze." Toka hapo kila Jumapili baada ya chakula naaga kwamba naenda kuosha gari, naingia hiyo M6, barabara kuu ya kwenda kaskazini, nakanyaga nusu saa hadi kituo cha mapumziko kabla ya Lancaster, nakunywa chai, nageuza, narudi, na gari nililokwenda kuliosha linarudi na matope.

Glenda ana macho. Jumapili iliyopita alinifuata kwa gari la dada yake Pauline, na Pauline mwenyewe ndani, akanikuta kituoni nimekaa peke yangu na kikombe cha karatasi na pai ya viazi, akasimama mbele yangu bado amevaa aproni. "Yuko wapi?" akasema. Nikamuuliza nani. "Huyo mwanamke, Neville, usinifanye mimi mjinga." Nikamweleza habari ya chujio na masizi na taa ya njano, nikamtoa nje nikamwonyesha kitabu cha gari ukurasa wenyewe, naye Pauline akasema, "Yaani shemeji, hawara wako ni bomba la moshi?" Glenda akalia, halafu akacheka, halafu akakaa akala nusu ya pai yangu bila kusema kitu, na mimi nikajisikia mtu tena.

Sasa fomu ya gari jipya iko mezani. Orodha ina dizeli mbili za Kijerumani na haibridi moja ya Kijapani, ya petroli na umeme pamoja, ya kifahari, fupi kama hizo nyingine. Nilipewa haibridi siku moja niijaribu, na pale kwenye taa nyekundu ilinyamaza nikadhani imezima, kumbe inatumia umeme wake, ikaondoka kimya kama paka, nikapita kwa madaktari sita na mshale wa mafuta haukusogea. Lakini nilipoipandisha mlima wa Longridge nikakanyaga, injini ikapiga yowe na kasi ikaja taratibu kama imeitwa na mtu isiyemtaka, na sanduku langu la sampuli halikuingia kwenye buti mpaka nikalaza kiti. Wenzangu kazini wakanizunguka. "Neville, utaichomeka kwenye soketi ya birika?" Wala haichomekwi, inajichaji yenyewe ukifunga breki, lakini nani atawaambia. Dizeli unaikanyaga tu inakusukuma mgongoni, na ukiiegesha mbele ya ofisi watu wanajua huyu ni mtu wa safari.

Juzi Glenda akasema, "Kama bado ni Carlisle kila siku, chukua dizeli tena. Wewe ni mtu wa njia ndefu." Nikichagua haibridi itabidi nimwambie kwa nini, na nikichagua dizeli nina miaka mitatu mingine ya Jumapili za M6. Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, sasa nitamwambiaje nililolifanya? Nisaidie, Shangazi.

Neville, Preston

*

Neville (majina nimeyabadilisha yote, ingawa nyumbani kwako hilo halitasaidia kitu),

Nimecheka, nimemaliza. Sasa tuongee.

Tuanze na gari, maana hilo ndilo jepesi. Chukua haibridi. Dizeli si gari baya. Ni gari zuri la mtu mwingine, na mtu huyo ni yule kijana anayekwenda Carlisle. Wewe unasimama kila taa ya Preston, na kwenye kusimama na kuondoka ndiko haibridi inakokula kidogo. Kodi ya gari la kazini inafuata moshi, na dizeli inaongezewa nyingine juu yake, kwa hiyo ungelipa zaidi kila mwezi ili uwe na kitu cha kukohoza kila wiki. Mlimani inapiga yowe? Iache ipige, unakwenda Longridge mara ngapi kwa mwaka? Sanduku halienei? Laza kiti. Na hao wa soketi ya birika, waulize ni nani kati yao alifuatwa na mke wake hadi kituo cha mapumziko, wewe angalau una hadithi.

Sasa wewe. Mwanamume mzima unakaa kwenye maegesho gizani na chupa ya chai kwa sababu umepunguziwa barabara? Hukufukuzwa. Hukuiba. Ulipewa kazi iliyo karibu na nyumbani, jambo ambalo nusu ya wanawake wanaoniandikia wanaliombea waume zao. Nakuonea huruma, kweli, najua mtu anavyozoea kuitwa jina la safari zake. Lakini haya uliyoiona ilikuwa ya mwezi mmoja, wewe umeifuga mwaka mzima.

Na njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu, hata kwenye M6. Baada ya kusoma barua yako nilimpigia fundi mmoja ninayemwamini, nikamuuliza: gari la mtu anayekwenda Carlisle na kurudi kila siku linaweza kuziba masizi? Akanijibu, "Shangazi, hilo haliwezi hata likitaka." Kwa hiyo pale kituoni, ulipofungua kitabu cha gari ukaonyesha ukurasa, ulikuwa unamweleza mkeo kwa herufi kubwa kwamba huendi popote. Mtu anayesoma kitabu cha gari huku analia hasomi mstari mmoja, anasoma ukurasa wote. Unadhani alinyamaza akala pai yako kwa sababu ya njaa?

Glenda anajua, Neville. Labda hajui siku wala sababu, lakini anajua. Alipokwambia "kama bado ni Carlisle" alikuwa amekufungulia mlango, anakusubiri upite mwenyewe bila kusukumwa. Mpole kuliko mimi, huyo.

Basi fanya hivi. Usingoje Ijumaa. Leo jioni, chakula kikishaondolewa, kabla hajawasha televisheni, mwambie: Aprili mwaka jana waliniondoa kaskazini, nikaona haya. Maneno hayo tu, usiyatie sukari wala habari za injini. Akikasirika, kaa hapo hapo ukasirikiwe, ni haki yake, usikimbilie kuosha gari. Kisha mjaze fomu pamoja, rangi achague yeye. Kesho asubuhi lala mpaka saa moja na nusu, mnywe chai ya birika wawili, uende kazini kwa madaktari wako wa karibu ukiwa na kichwa juu.

Unaogopa akijua atakuona mdogo. Mwanamke huyo aliacha vyombo kwenye sinki, akaendesha gari la watu barabara kuu na aproni kiunoni, kwa sababu aliogopa kukupoteza wewe. Carlisle hakuiulizia.

Shangazi Edna