Sanduku la Namalwa Halivuji

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Oda zimeanza. Wazazi wanataka masanduku ya bati ya shule ya Januari na wanataka bei ya Julai. Mmoja leo amelitikisa sanduku langu kama anayenunua kuku, akauliza kama kweli litadumu. Nikamimina ndoo ya maji ndani mbele ya macho yake. Hata tone halikutoka. Sanduku la Namalwa halivuji, mtaa mzima wa Huruma unajua. Akalipa, akaondoka nalo.

Jioni Opondo amepita na mkebe wa mchango. Wa NSSF tukizeeka, wa SHA tukiugua, na mwezi wa sita anatujazia ritani za kodi za KRA. Sisi hatuna bosi wa kutukata mshahara, basi tukamchagua yeye. Anatengeneza jiko kama wengine hapa, lakini ana simu ya maana na haogopi ofisi. Mdogo wangu Wabuge amenung'unika: mchango, mchango, kila wiki mchango. Opondo akacheka. "Siku grinder itakugeukia, utaniita baba."

Nimempa changu. Siwezi kumnunia Opondo. Mama alipofariki Agosti, sisi bado tunalia, yeye ndiye alikuja na gari la kumpeleka nyumbani Chwele, akazikwe.

Jumanne, 18 Novemba

Damu. Diski ya grinder imepasukia mkononi mwa Wabuge. Alikuwa anakata chuma cha geti. Kiganja kimefunguka mpaka nikaona vitu vyeupe ndani. Kipande kingine cha diski kimejikita kwenye nguzo, pale nilipokuwa nimeegemea dakika chache kabla.

Nimemfunga kwa leso yangu. Nderitu, yule wa kuchomelea mageti jirani, akampakia kwa pikipiki. Wabuge hakulia. Alikuwa anauliza tu kama vidole viko vyote. Nikamwambia viko.

Jumatano, 19 Novemba

Daktari anasema kano zimekatika. Zishonwe wiki hii, la sivyo vidole havitakunjika tena. Fundi asiyekunja vidole ni nini? Ni mtu wa kulishwa.

Nilienda dirisha la malipo la hospitali kifua mbele — mtu wa kulipa kila Ijumaa! Yule msichana akaangalia kompyuta, akaangalia tena. Wabuge ameandikishwa SHA, ndiyo. Mchango wake haujalipwa. Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama anayeongea na mtoto. Nikauliza na wangu. Wangu pia. NSSF nimeangalia mwenyewe kwa simu. Tupu.

Opondo hashiki simu.

Nimekaa kwenye ngazi za hospitali na ile leso yenye damu ya ndugu yangu. Opondo angepita pale ningemuua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimempiga.

Alikuwa kwa Perez, mama wa uji, mwisho wa mabanda. Nilikuwa na nyundo ya mti, ile ya kukunjia bati. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, kikombe na meno vikaanguka pamoja. La pili begani. Akainua mkono aseme kitu, nikaupiga huo mkono. Ndio niliokuwa nautaka. Wabuge asipokunja vidole, na wewe usikunje.

Sikueleza sana. Nilisema tu ameula mchango wetu, mabanda yote yakatoka. Nderitu na chuma. Mwingine na mnyororo. Perez akammwagia uji wa moto mgongoni. Hata wauza mboga wasiomjua walipiga, kila mtu ana mwizi wake wa zamani anayemlipizia. Akatambaa chini ya lori lililokuwa likishusha mabati, akatokea upande wa pili, akapotelea kwenye maploti ya nyumba za kupanga.

Nderitu amesema akipatikana ni tairi na petroli. Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga.

Hasira hasara, mama angesema. Lakini hasara ndiyo iliyotangulia, mama. Mikono inanuka uji na damu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimefungua banda, Opondo yuko ndani. Amelala nyuma ya mabati, ameingia usiku kwa mwanya wa ukuta wa nyuma. Amevimba, jicho moja halionekani kabisa. Nikachukua nyundo. Safari hii hakuinua mkono. Ameniuliza tu, maneno yakipita kwa shida kwenye meno yaliyobaki, akiniita binti wa Chwele kwa Kijaluo chake:

"Nyar Chwele, mama yako alienda nyumbani na gari gani?"

Nikasema gari lako, si ulilileta wewe.

"Mimi niko na gari? Mimi nauza jiko."

Nikakaa chini.

"Mtoto wa Nderitu akiungua, nani alilipa hospitali? Perez akizika bwana yake? Hapo mlisema ni Mungu."

Nikamuuliza kwa nini hakupeleka pesa serikalini. Akaniangalia kwa hilo jicho moja kama mimi ndiye mjinga. "Si mlisema ni mchango? Mchango ni wa nini? Mtu akianguka mnamuinua. Ningeacha mama yako mochari juu ya NSSF? Nilijua nitajazia polepole. Halafu watu wakaendelea tu kufa."

Neno ni letu. Sisi ndio tuliosema mchango. Wa matanga mchango, wa harusi mchango, wa serikali mchango, mkebe ule ule, mtu yule yule. Nani kati yetu amewahi kuona mchango unaomngoja mtu azeeke na huku maiti iko mochari? Mjinga ni yeye. Wajinga ni sisi wote, na aliyelipa ni Wabuge. Nimelia kwa hasira na sijui namkasirikia nani.

Kisha kelele nje. Kuna sanduku kubwa la oda ya mwenye duka wa Burnt Forest, la kuwekea unga panya wasiingie. Opondo ameingia humo, amejikunja. Nimefunga kifuniko, nikatia komeo.

Wako hapa sasa. Nimekaa juu ya sanduku naandika, wadhani napiga hesabu ya oda. Wamefuata damu mpaka ukuta wangu wa nyuma. Tairi liko mlangoni. Mmoja ameenda kuleta petroli. Nderitu anasema hawatoki hapa mpaka mtu apatikane, ameketi kwenye debe kama yuko kwake. Wabuge pia amekuja, ametoroka wodi, mkono umefungwa, uso umekuwa wa majivu.

Jua limepanda. Bati linaniunguza mapaja.

Anagonga. Chini yangu, kwa kidole. Nimepiga bati kwa kisigino wadhani ni mimi.

Pembe zote nimezilehemu mwenyewe. Lisilotoa maji haliingizi hewa. Sikufikiria hilo! Nikiinuka watamchoma. Nikikaa namuua mimi, kwa kazi safi ya mikono yangu.

Niseme. Niwaambie wote waliula mchango ule, kila mtu na maiti wake, kila mtu na mgonjwa wake. Kwa Nderitu naweza. Lakini Wabuge? Nitamwambiaje kwamba mkono wake ndio uliompeleka mama nyumbani?

Amegonga tena, kidogo sana. Nderitu hajasikia. Wabuge amesikia, amekulia kwenye kazi ya bati kama mimi. Amekuja. Ameweka ule mkono mzima kwenye kifuniko, karibu na paja langu. Anasema kwa sauti ya chini, "Dada, inuka."

Nimemwambia akae kwanza. Nimemuuliza mama alienda Chwele na gari gani.

Anafikiria.

Chini yangu hakugongwi tena.