Vitambaa vya Kitanda cha Wageni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana. Ya kwanza tangu mazishi! Binti yangu anakuja mwishoni mwa mwezi, na chumba cha wageni kilikuwa hakiingiliki. Nimefagia, nimepangusa madirisha, nimetoa maboksi. Halafu kitanda. Mke wangu — siwezi bado kuandika "marehemu", mkono unakataa — alikuwa amevitandaza juu yake vitambaa vya mfarishi wake wa viraka, vipande vidogo vya mraba alivyokata kwenye nguo zetu kuukuu, kisha akavifunika kwa shuka. Vingine vimeshikwa kwa pini, vingine vimekaa tu. Bluu kando ya njano, maua kando ya mistari. Fujo tupu.

Mimi nilikuwa mtunza bohari maisha yangu yote ya kazi. Kila kitu na jamii yake. Nimetoa pini zote, nikavipiga pasi vipande vyote, nikavipanga: bluu na bluu, maua na maua, mistari na mistari. Kila fungu nikalifunga kwa utepe. Kabati sasa linatazamika kama duka. Nimesimama pale nikijisifu mwenyewe. Kidogo tu nimwite aje aone.

Nimekunywa chai kavu. Nimelala mchana.

Jumatano, 6 Machi

Binti kapiga simu. Anafundisha chekechea, kwa hiyo nusu ya maneno yalimezwa na vilio vya watoto. Anasema: Baba, kile chumba usihangaike nacho. Hasa pale kitandani, usiguse kitu. Mama alishapanga vipande vyote, kilichobaki ni kuunganisha tu. Nikija tutashona mimi na Jemadari.

Nikasema, sawa mama.

Jemadari ni jirani yetu, mama fundi wa nguo, sasa kastaafu. Jina hilo alipewa na mke wangu kwa sababu haombi, anaamuru.

"Alishapanga." Sijaelewa. Au nimeelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Jemadari kaja bila kuitwa. Kavua viatu mlangoni, moja kwa moja chumba cha wageni. Kaona kitanda kimetandikwa shuka nyeupe.

— Shemeji, vile vitambaa viko wapi?

Nikafungua kabati. Akayatazama yale mafungu na tepe zake. Akakaa kitandani polepole.

— Umevipiga na pasi.

— Vilikuwa vimekunjamana.

Hapo akanitolea uvivu. Kwamba mke wangu alikaa miezi anavipanga. Anaweka kipande, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anakitazama, anakihamisha. Alipoanza kuumwa sana alikuwa anahamisha kimoja kwa siku, basi, kachoka, anarudi kulala. Mfarishi ndio huo, shemeji! Kushona ni mkono tu, hata mimi naweza, hata wewe. Ila hiki kikae na kipi, hilo lilikuwa lake peke yake, na halikuandikwa mahali popote.

Mengine sikuyasikia.

Kilikuwa kitu cha mwisho alichokifanya kwa mikono yake. Na mimi nimekipanga kwa rangi!

Jumamosi, 9 Machi

Tumejaribu kuvirudisha, mimi na Jemadari. Asubuhi nzima tumepiga magoti pande mbili za kitanda. Anakumbuka kona moja: pazia la nyumba yetu ya kwanza, na pembeni yake flana ya binti alipokuwa mchanga. Ana hakika na hilo. Kisha anakumbuka kwamba ovaroli zangu za kazini, zile za bluu, zote zilikuwa pembezoni, mzunguko mzima. Basi. Mengine ni kubahatisha. Mimi sikumbuki hata kimoja. Mke wangu alikuwa akiniita njoo uone, nami nasimama mlangoni, nasema inapendeza, narudi kwenye redio.

— Kwa nini pembezoni? nikauliza.

— Kitambaa kigumu. Kinabeba pindo.

— Alisema hivyo yeye?

— Sikumuuliza, shemeji.

Miaka hii ya mwisho mimi na mke wangu tulizungumza habari za gesi, maji, na nani kafunga geti. Hatukugombana. Labda ingekuwa afadhali tungegombana.

Jemadari ameniamuru nimpigie mtoto simu leo leo nimwambie. Nikasema nitampigia. Nimeishika simu mpaka imepata joto mkononi. Sikumpigia.

Jumanne, 12 Machi

Nimeamua. Nitaushona mwenyewe. Vipande vilivyolala kitandani mtu ataviulizia, lakini kilichokwisha kushonwa nani atakiulizia? Simdanganyi mtu. Nashona tu.

Kutunga uzi peke yake kumenimalizia asubuhi. Vidole hivi vimebeba makreti, tundu la sindano havilioni. Nimeunganisha vipande vichache, nimejichoma, damu imeingia kwenye kitambaa cheupe. Jemadari kapita mchana kuchungulia. Kanyanyua kazi yangu kwa vidole viwili.

— Shemeji, hata gunia la viazi lina haki yake.

Kafumua yote. Nilidhani ataondoka. Badala yake kachomoa subana mkobani, ule mfuniko wa chuma wa kidole, akanivisha mwenyewe kama anamvisha mtoto kofia. Sukuma kwa hiki, siyo kwa roho yako. Mishono midogo. Usivute uzi kama unafunga mbuzi.

Nikamwambia ana cherehani kwake, tungemaliza mapema. Kanitazama. Mkeo alikuwa akishona kwa mkono, kasema. Sikurudia.

Ijumaa, 15 Machi

Mkono umeanza kutii. Mishono bado inayumba lakini inashika.

Nimekutana na nguo ya mke wangu ya maua ya njano, aliyokuwa akivaa tukitoka. Vipande vingi, alivikata kwa uangalifu ili kila kimoja kiwe na ua zima. Nimekiweka kimoja puani. Nilitaka kumnusa, basi, nani ataniona?

Harufu ya pasi.

Nimenusa kingine. Na kingine. Vyote ni pasi. Harufu yake niliifukuza mwenyewe Jumatatu ile kwa moto mkali na maji ya kunyunyizia, huku napiga mluzi. Nimelia. Siyo kulia kwa kiume, kwa kufuta jicho moja. Nimelia kama mwehu, na mlango ulikuwa wazi.

Leo sikushona tena.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefika katikati, na hapo nimefanya jambo langu.

Nimezitoa ovaroli pembezoni. Nimezileta katikati, kando ya maua ya njano. Kila ua lake moja, kipande cha ovaroli yangu ubavuni. Sikupanga kufanya hivyo. Nilianza na kimoja, kikapendeza. Basi nikaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nikajisikia mtu mwenye mke. Vipande vya mapazia na sare za shule vimekwenda pembezoni. Havibebi pindo vizuri, vinateleza, vinachanika nyuzi.

Jemadari kaja na miwani yake. Kaangalia muda mrefu.

— Hapo umejipa cheo, shemeji.

Nikamwambia yeye mwenyewe kasema hakuna ajuaye palikuwaje.

— Nilisema hatujui pengine pote. Hapo tunajua.

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kutunga uzi. Jemadari kavuta kiti. Anasema: pindo nitakusaidia, maana kwa vitambaa hivi vyepesi utaharibu. Ila sikiliza. Mwanao akiniuliza, sitasema uongo. Asiponiuliza, mimi ni fundi tu.

Ijumaa, 22 Machi

Tumetandika pamba juu ya shuka ya zamani, tukalaza viraka juu yake, tukapiga bandi kushikiza, Jemadari upande ule mimi upande huu. Kisha mishono ya kupita matabaka yote. Kidole cha kati kimekufa ganzi. Pindo limekwisha leo saa za jioni. Jemadari kakata uzi kwa meno, kaukung'uta mfarishi mara moja, kauacha kitandani, kaenda zake bila kuaga.

Umekwisha. Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 23 Machi

Kafika. Kakonda! Begi lilikuwa bado begani, maji hakunywa, moja kwa moja chumba cha wageni. Nilimfuata nyuma.

— Baba. Nani kaushona?

— Mimi. Jemadari kanishika mkono.

— Wewe? Na sindano?

Kacheka! Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya viraka taratibu, anataja. Sare yangu hii. Hili doa la wino nilichapwa kwa ajili yake. Hii flana. Hili si pazia? Anataja tu, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, kama niko mahakamani. Kisha akafika katikati, mkono ukasimama.

— Kakuweka ubavuni mwake.

Nikamvua begi begani, nikaliweka chini.

— Baba, tazama. Kila ua lake, wewe uko pembeni yake. Mama kakuweka kila mahali.

Akaanza kulia, na katika kulia akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku zile za mwisho, alipokuwa akimuuguza humu ndani na mimi niko sebuleni, alikuwa akimuuliza mama yake: nimwite Baba? Na mama yake alikuwa akigeukia ukutani. Siyo mara moja. Hakuniambia kwa kunihurumia. Anasema amekuwa akiibeba hiyo peke yake kule aliko, halali vizuri, akiamini mama kaondoka na kinyongo na mimi. Kumbe Mama alikuwa na lake moyoni, akashindwa kulisema, kaliweka hapa! Akanikumbatia. Mabega yake mepesi sana.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo nikaufungua kabisa.

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Kaenda kulala mapema na mfarishi kajifunika mpaka kidevuni. Analala vizuri, nimemsikia. Anakoroma kama mama yake. Mke wangu aligeukia ukutani. Sikujua. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari.

Jumapili, 24 Machi

Kaamka mtu mwingine. Kaosha vyombo huku anaimba. Kala mayai mawili na mkate wangu. Anasema kwa mara ya kwanza anahisi anaweza kurudi kazini akatulia. Nimejiambia: basi. Yaishe hivi hivi. Kuna ubaya gani? Anayelala sasa analala, na aliyekwenda haulizwi.

Jemadari kaja baada ya chakula cha mchana kumsalimia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakakumbatiana sana. Binti kamshukuru kwa kunifundisha. Jemadari kajibu kwa kifupi, macho kayaweka kwenye kikombe. Kisha binti akasema, kwa furaha kabisa, kana kwamba anatuletea zawadi:

— Mnajua Mama alinitumia picha?

Picha gani?

Ya kitanda. Mama yake alimsimulia mwenyewe: alipomaliza kuvipanga vyote alikivuta kiti, akapanda juu, mgonjwa vile, akakipiga picha kitanda kizima, akamtumia. Na maneno machache chini yake. Binti hakuwahi kuifungua. Iliingia wiki ile ile aliyofariki, binti yuko njiani kuja kumuuguza, na baada ya mazishi akaogopa. Kanunua simu mpya, ile ya zamani imekaa tu mkobani, imezima, anatembea nayo kila anakokwenda. Sasa haogopi tena, anasema. Anataka tuitazame pamoja, sisi watatu, picha kando ya mfarishi, tuone Mama alivyopanga na Baba alivyoshona. Na tusome alichoandika.

Jemadari kasimama. Kashika mkoba wake. Kasema kaacha kitu jikoni kwake. Mlangoni kanigeukia, kanitazama tu, kisha viatu.

Soketi ya chumbani haishiki. Binti kanipa simu nije niichomeke hapa jikoni, kwenye ile ya karibu na friji. Nimeichomeka. Nimekaa mezani nayo, naandika ili mikono iwe na kazi. Kutoka hapa namwona kwa mlango ulio wazi: kaketi kitandani, kauweka mfarishi mapajani, anafuatisha kwa kidole ovaroli na ua, ovaroli na ua. Kakaza macho kama anasoma. Hajanitazama.

Ni hatua chache tu. Naweza kwenda nikakaa karibu naye na kusema. Mama, zile ovaroli nimeziweka mimi. Maneno hayo machache, mtu mzima mimi, hayatoki. Na kuna yale maneno chini ya picha. Sijui mke wangu aliandika nini. Labda ni kuhusu ugumu wa kitambaa. Labda ni jambo jingine.

Kioo kimewaka. Kwanza alama ya betri, nyekundu. Sasa kinafunguka chenyewe, kinametameta.

— Baba? Imewaka?

Nimemjibu: bado, mama.