Chupa ya Fundo Moja

Goma, Mabanga
Tarehe 14 octobre 2023

Mpendwa dada yangu mudogo Dancille,

Jambo sana huko Bukavu. Mugongo wako unaendeleaje? Na bwana yako Viateur, bado anakohoa? Miye niko na nguvu. Meno mawili yametoka na mbavu zinauma nikicheka, lakini mumoja wa walionipiga naye hatashika kijiko mwezi muzima.

Najua mukwe wangu Achille amefika kwako na boti. Hakukuambia anakimbia nini. Sikiliza.

Vijana wa Birere wanavuta ile sigara ya umeme, na wakionja maji yangu ya tumbako ya kutia ndani yake, ya dukani wanayatema. Goma yote hakuna anayenishinda. Ninakata tumbako ya Kibumba, ninailowesha ndani ya glycérine ya famasi, ninaifungia ndani ya sanduku majuma sita, ninachuja na kitambaa. Kisha ninapunguza ukali. Kuandika kunanichosha, basi ninafunga kamba shingoni mwa chupa. Fundo moja: bado haijapunguzwa, ni sumu. Mafundo matatu: iko tayari.

Achille, anayeniuzia chupa, na diplome yake yote, hakuniuliza. Akafikiri mafundo mengi ndiyo ukali mwingi, basi ya fundo moja ni ya wanaoanza! Akamuuzia Moïse, mutu wa pikipiki aliyekuwa hajavuta hata siku moja. Moïse akaanguka palepale, akatapika, akatetemeka kama kuku aliyekatwa shingo. Hospitali siku tatu. Hakufa.

Kaka zake watatu wakaja saa sita mchana na fimbo.

“Muzee, toa huyo mukwe wako tumuvunje miguu!”

Achille alikuwa amesharuka ukuta. Binti yangu Rosine, muke wake, alikuwa mulangoni na mimba ya miezi nane. Nikamusukuma ndani, nikasema, “Mukwe anajua nini? Ni miye nilichanganya. Kama ninyi ni wanaume, njooni.”

Wakaja kweli! Mumoja nilimugonga na muchi wa kinu, nikasikia mukono umelia kwaa, umevunjika! Wa pili nilimuuma sikio, damu ikajaa kinywani mwangu. Wa tatu akanipiga mudomo na fimbo. Wakanilaza chini, wakapasua chupa zangu zote, moja moja, mbele ya macho yangu. Mukubwa wao akafuta jasho. “Tumemaliza na wewe, muzee.”

Sasa Birere wanasema muzee Habineza amezeeka, hajui tena tumbako yake, nusura aue mutu. Miye! Ninapita tu, ninawasalimu.

Basi murudishe Achille. Rosine atazaa wakati wowote, na kila asubuhi anauliza kama boti imefika. Akikataa, mufukuze na ufagio. Lakini usimwambie nilibeba kosa lake. Atakuja kunililia magotini, na hapo nitamuchapa kweli. Mwambie tu Moïse amepona, na kaka zake wametulia kwa kuniogopa.

Nisalimie Viateur na mutoto wenu Munezero. Mungu awafunike na mukono wake.

Miye kaka yako anayekupenda,
Habineza