Kitabu cha Pili cha Nyanya Wakio

Mwanda, 4 Februari 2024

Mjukuu wangu Immaculate,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananitukana nikipanda shamba. Wewe je, unakula ama unashika simu tu?

Sasa sikiliza. Abby wa Voi, yule mwenye duka la vitabu aliyechapisha hadithi zangu, amekuja hapa analia. Anasema hilo duka lenu la mtandaoni huko Nairobi linauza kitabu changu kwa bei ya chini kuliko yake. Watu wanaingia kwake, wanakifungua, wanapiga jalada picha, halafu wanaagiza kwenu. Sasa hana pesa, cha pili hawezi kukichapisha. Kimeandikwa chote, kimelala kwa kabati yake! Mwambie mkubwa wako awache huo ujinga.

Nyanya yako, Wakio

Nairobi, 20 Februari 2024

Nyanya mpendwa,

Pole na magoti. Mimi niko salama, na ninakula.

Usinikasirikie: ni mimi niliyekiweka kitabu mtandaoni. Nilitaka ujulikane. Hata mtu wa Doha amekinunua! Bei anapanga bosi, na amekataa kuipandisha. Lakini cha pili anakitaka. Kitume kwa basi, tutakiweka kwa simu za watu moja kwa moja, bila Abby.

Mjukuu wako, Imma

Mwanda, 9 Machi 2024

Immaculate,

Magoti yangu yawache.

Bila Abby? Wewe mtoto, huna haya? Abby alikalia kigoda jikoni kwangu msimu mzima wa mvua, macho mekundu kwa moshi, akiitikia kila nilipoanza. Kwetu hadithi isipoitikiwa hukatwa hapo hapo, unajua. Bosi wako ameitikia nini? Na huyo wa Doha nitamsikia wapi?

Abby amefunga duka. Amenirudishia karatasi zangu, nimezifunga kwa leso. Haziji huko. Anayezitaka aje akae, aitikie. Hata wewe. Mara ya mwisho uliniitikia ukiwa na meno ya utoto.

Nyanya yako

Mwanda, 28 Aprili 2024

Immaculate,

Hujambo huko? Mbona kimya? Huku mvua imeshika, maharagwe yameota.

Abby sasa anauzia madereva wa malori chai pale Maungu. Akipata nafasi hupanda huku, anakalia kigoda chake, na bado anaitikia.

Nimeazima kigoda cha pili kwa jirani. Kimekaa tu. Jirani ameanza kukiulizia.

Nyanya yako, Wakio