Mafuta Yaliyolala

Jumapili, Mangobo. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na baridi ya kuvaa sweta. Sijaenda misa. Naandika hapa kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna mtu anayenisemesha.

Bon. Nianze na nilichokiona kwa macho yangu, wasije wakasema nimezusha.

Jana ilikuwa siku ya mahari ya Nadège, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Wakwe walifika Ijumaa jioni kwa mtumbwi wa injini kutoka Yanonge: kijana mwenyewe, Trésor, mama yake, na wajomba wawili. Mbuzi wakafungwa uani. Vitu vingine vikalala sebuleni kwetu, kwenye sakafu ya saruji: chumvi, vitenge, taa, na bidoni ya manjano ya mafuta ya mawese, lita ishirini. Kwetu, shangazi ndiye anayekagua vitu vya mahari kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Shangazi ni mimi.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nikaiinamisha ile bidoni. Juu yakacheza mafuta mekundu, kina cha vidole viwili. Chini hakikucheza kitu.

Nikaingiza kijiti cha fagio. Kikakwama. Nikakichomoa na uji mzito wa rangi ya chungwa, una punjepunje kama semulina. Haya, si nilijua? Wamejaza kitu chini, juu wakamwagia mafuta ya kutuonyesha. Kijana anayeinamisha macho kila akikusalimu ana jambo analificha.

Ukweli niuseme: mimi ni mtu wa kushuku. Samaki namfunua matamvua mbele ya muuzaji, na nikifika nyumbani namnusa tena. Wanafunzi wangu wananiita Madame Hakikisha, wanadhani sijui. Nimefundisha kemia miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo inakufundisha kutoamini kitu kwa rangi yake.

Donc nikatoa kipimajoto cha shule kwenye mkoba. Nikaweka donge ndani ya kikombe cha bati, kikombe ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, nikawa naongeza maji ya moto kidogo kidogo, familia mbili zikitazama. Nikawapa somo. Yabisi iliyo safi, niliwaambia, ina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Barafu haibishani: ikifika sifuri inaanza, na inamalizia hapo hapo. Hili donge limeanza kutoka jasho kwenye ishirini na nne, kwenye thelathini na mbili bado lina punje, limekuwa maji karibu na arobaini. Kitu kinachoyeyuka kwa mafungu ni mchanganyiko. Nanyi wakwe, mmetuletea mchanganyiko.

Tonton Faustin, mdogo wa baba yangu na msemaji wa familia, hajui kemia lakini anaiheshimu. Akavunja kikao. Akawaambia wachukue mafuta yao.

Mama Trésor hakupiga kelele. Mafuta yale aliyapika kwa mikono yake. Aliniangalia tu, akasema: "Mwalimu, mafuta yangu inalala tu sababu ya baridi. Jua ikitoka, itaamuka."

Watu wa kwetu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Akasokota kata ya kitenge, akaiweka kichwani, akainama. Mtu hajitwishi lita ishirini peke yake. Mwanawe ndiye aliyemtwisha. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka pale, mikono kifuani.

Ndiyo hayo. Na jana hiyo hiyo nililala usingizi mzuri.

Kinachonisumbua leo ni Nadège. Tangu alfajiri yuko nyuma ya jiko na simu, ananong'ona, nikipita ananyamaza. Watu hawanong'oni habari njema. Nashuku wanapanga atoroke nao. Nimeangalia begi lake chini ya kitanda. Ndiyo, nimeangalia. Lilikuwa tupu, na hilo likanifanya nishuku zaidi, maana msichana mwerevu hafungi begi mapema.

Saa tisa. Naandika tena.

Nadège hajapika tangu jana, kwa hiyo niliingia jikoni mwenyewe kukaanga ndizi. Chupa yangu ya mawese iko pale kwenye kona, chini. Niliinunua mwenyewe, nikainusa mwenyewe, naitumia wiki ya pili sasa. Nikaiinamisha juu ya kikaango. Yakatoka matone machache, basi.

Juu vidole viwili vyekundu. Chini punjepunje.

Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba mtu ameingia jikoni kwangu akabadilisha chupa. Nikamfikiria hata Nadège. Nilisimama na wazo hilo labda dakika nzima, na lilinipendeza.

Kisha nikaleta kipimajoto.

Ishirini na nne, jasho. Thelathini na mbili, punje. Karibu na arobaini, maji. Nikarudia, ikawa vile vile.

Nikakaa kwenye kigoda. Kumbe! Mawese hayajawahi kuwa kitu kimoja. Ni mafuta ya aina kadhaa yanayoishi ndani ya jina moja. Kuna molekuli zilizonyooka; baridi ikija zinajipanga ubavu kwa ubavu, zinashikana mapema na kuwa fuwele, ndizo zile punje. Na kuna zilizopinda, zisizopangika, hizo zinabaki kimiminika. Ni kama benchi la kanisani: walioketi wima wanatoshea, mmoja akikunja goti mpango umeharibika. Baridi ya mvua, sakafu ya saruji, mafuta yakapoa polepole usiku kucha, na punje zikapata muda wa kukua. Mchanganyiko ni mchanganyiko kweli, lakini umetoka hivyo kwenye chikichi. Hakuna mtu aliyeongeza kitu.

Na haya nayafundisha mimi! Kila mwaka nawaambia watoto: jaribio lisilo na kitu cha kulinganishia ni umbeya. Jana chupa hii ilikuwa hatua kumi kutoka sebuleni.

Kwa nini sikuifuata?

Sikuifuata kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Tangu Trésor aanze kuja hapa nilikuwa namtafutia kasoro, na viatu vyake vilikuwa safi, na mama yake alikuwa na heshima. Nadège akiolewa, nyumba hii nabaki na redio. Naogopa. Badala ya kusema naogopa, nikawaita watu wema wadanganyifu.

Nikamwita Nadège, nikamwonyesha chupa na kikombe, nikamweleza yote. Hakulia wala hakunifokea. Alisema tu, "Tantine, yule mama alikuambia." Halafu akanieleza habari ya simu. Tangu alfajiri alikuwa anamwombea mtu msamaha kwa Mama Trésor. Alikuwa ananiombea mimi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata siku mbili kuzaliwa.

Wakwe wako kwa ndugu yao ng'ambo, Lubunga. Mtumbwi wao unaondoka kesho asubuhi, na wakiondoka na ile bidoni, ndoa imekwisha. Leo mvua imefunga mto, hakuna anayevusha watu. Nimempigia Tonton Faustin. Akanikumbusha ninachokijua: kwetu, kitu cha mahari kilichokataliwa hakifuatwi kwa kutuma mtu. Aliyekikataa ndiye anayekifuata, na anakirudisha kwa kichwa chake, mchana kweupe, watu wakiona. Baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria kwa malipo, hairuhusiwi, hata ya kuegemea. Kutoka ukingoni mpaka Mangobo, nina miaka hamsini na mmoja na goti moja bovu, na saa ile ya asubuhi wanafunzi wangu wote wako njiani kwenda shule.

Sawa. Waone.

Kata nimeshaisokota, iko juu ya meza. Kesho nitavuka na mtumbwi wa kwanza. Nitapiga goti zima na goti bovu, nitasema mbele ya wajomba kwamba mafuta ni mema na aliyekosa ni mimi. Hayo nayaweza.

Nisichokiweza ni lita ishirini. Lazima mtu anitwishe. Wajomba watatazama mto, na Trésor hatanisogelea bila ruhusa ya mama yake. Anabaki yeye tu, Mama Trésor, hatua moja kutoka kwangu, kama nilivyokuwa mimi jana.

Atainama?