Redio Kaseti Uliyoondoka Nayo

Bertrams, Johannesburg
12 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Placide,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama Léocadie, ile malaria imemwachia? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Kwenye simu maneno hunikwama, ndiyo maana naandika. Papa Ezéchiel wa kanisani anapanda basi la Lubumbashi Alhamisi, atakuletea.

Shuleni tulipewa kazi ya historia kuhusu kompyuta za kwanza za nyumbani. Nilichagua ile yenu ya mwaka 1988, unayoisimulia kila sherehe. Nilieleza kwa nini ilikuwa rahisi: haikuwa na diski wala mfumo endeshi wa kutunza faili. Alichoandika mtu alikirekodi kwenye kaseti, kwa redio kaseti ya kawaida. Akizima bila kurekodi, kimefutika. Nikakusifu kwamba ulichagua vizuri, maana kwa bei ya zile nzuri watu wengi wasingepata kompyuta kabisa.

Jumamosi nilimsomea Mama saluni kule Yeoville. Aliendelea kusuka, kisha akasema, "Babu yako alikuwa na pesa za ile yenye diski."

Hilo hujalisimulia hata siku moja, Mjomba. Mama aliiomba yenye diski. Wewe ukamwambia Babu zote ni sawa, watu wanalipia jina tu. Pesa zilizobaki zikawa nauli yako ya kwenda chuoni Kinshasa. Kwa nauli nisingekasirika. Ninakasirika kwa sababu uliondoka na redio kaseti, ile pekee ya kurekodia kazi ya Mama, ukasikilize muziki.

Mama alikuwa ametunga programu ya kupanga kadi za wagonjwa wa zahanati. Masista walimwambia wakiiona inafanya kazi watamtafutia nafasi ya kusomea kompyuta. Kila asubuhi aliiandika upya kutoka daftarini, kurasa kumi na moja. Siku waliyokuja, umeme ulikatika akiwa ukurasa wa tisa. Walikunywa chai wakaondoka.

Nawe unawachekesha watu kwamba dada yako Clémentine alikuwa akiifundisha kompyuta upya kila siku kama mtoto mzito wa kichwa. Mama hucheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilimuuliza kwa nini hakukuandikia uirudishe redio. Aliandika, mara mbili. Ulijibu ya pili, ukaomba betri.

Desemba utakuja kwenye harusi ya dada Arlène. Ukiisimulia tena, nitasimama, mimi ninayeogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani, niimalizie mbele ya wageni.

Sitaki tufike huko. Mpigie Mama. Usimpigie Jumapili, siku ambayo simu huwekwa spika kila mtu asalimie. Mpigie Jumatatu, saluni imefungwa na yuko peke yake. Na usianze na mzaha.

Wasalimie Mama Léocadie, Joël na Jocelyne. Mungu awape afya na amani nyumbani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata kwa hasira hii,
Chloé